Ile Klipu Ilitrendi, Lakini Nilikuwa Upande Mbaya wa Ngazi

Leo nina vitu viwili tu vya kuongea: filamu moja ya mwaka 1932, na klipu yangu ya sekunde 19 ambayo wengi wenu mliiona, mkacheka, mkaituma kwa magrupu ya familia. Hivyo vitu viwili vinaongea jambo moja. Nimechukua muda kulikubali.

Nianze na klipu, kwa sababu hiyo mnaijua.

Ploti yetu ina orofa sita na haina lifti. Siku hiyo kuna jirani alikuwa anahamia orofa ya tano, na alikuwa ameleta watu wawili wa kubeba. Mmoja kijana, mmoja mzee wa makamo, amevaa kofia ya sufi na viatu vya plastiki. Walikuwa wamebeba friji, kijana chini, mzee juu. Kufika kwa ile kona mbaya ya orofa ya tatu, kamba ikateleza. Friji ikarudi chini ngazi kadhaa, ikigonga kila moja, na ndani rafu zikapiga kelele kama sufuria zinazogombana. Mzee akakaa kitako. Kofia ikaruka.

Mimi nilikuwa nimesimama ngazi za juu, simu mkononi, nikingoja wapite niende dukani. Nikarekodi. Usiku nikaweka muziki, nikaandika juu yake "Jumatatu ikikukumbuka", nikapost. Asubuhi nilipoamka simu ilikuwa moto. Hakuna kitu nilichowahi kutengeneza kwa jasho langu kilichowahi kufika huko. Nimeandika skiti, nimekopa kamera, nimebembeleza marafiki waigize, na kilichonitoa ni mtu kuanguka.

Sasa kwenye komenti, katikati ya vicheko, kuna msee mmoja aliandika kwamba nimerudia The Music Box bila kujua. Mimi sikujua The Music Box ni nini. Nikadhani ni sifa. Nikaitafuta nione nimefananishwa na nani mkubwa.

Nikaipata. Dakika 29, haina rangi, waigizaji wawili: Stan Laurel, mwembamba, na Oliver Hardy, mnene. Nikajiambia naangalia dakika mbili tu nijue, halafu niende zangu. Nilimaliza yote, nikiwa nimekaa kitandani nacheka peke yangu hadi ndugu yangu akagonga ukuta.

Wacha niwape stori, kwa wale hawajaiona.

Mama mmoja anaenda dukani kununua piano ya kumshtua mume wake siku yake ya kuzaliwa. Ni ile piano inayojipiga yenyewe. Kazi ya kuipeleka nyumbani inapewa kampuni ndogo ya Laurel na Hardy, yaani wao wawili na farasi. Mwanzoni maandishi yanatuambia wameanza biashara na mtaji wa dola 3 na senti 80. Na kwenye gari lao, pale kampuni zingine huandika zilianzishwa mwaka gani, wao wameandika neno la Kiingereza linalokaribia hilo, lakini maana yake ni kwamba kampuni ilizama. Kampuni ilizama mwaka 1931. Yaani kabla waguse mzigo, ukuta wa gari umeshakwambia wanaelekea wapi.

Mkumbuke ulikuwa wakati gani. Mwaka 1932 Marekani ilikuwa katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Mwaka uliofuata karibu robo ya wafanyakazi wa nchi ile hawakuwa na kazi. Watu waliokaa sinemani kuangalia hawa wawili walijua maana ya kukusanya shilingi za mwisho ukaanzisha kitu cha mkono. Hawakuwa wanaangalia vichaa wa mbali, walikuwa wanaangalia mtaa wao.

Basi wanamuuliza mtu wa posta nyumba iko wapi. Mtu wa posta anaonyesha juu. Ngazi za saruji, ndefu, zimenyooka kupanda mlima, zaidi ya 130. Nyumba iko kileleni.

Hiyo ndiyo filamu. Piano lazima ipande.

Kwanza wanaishusha kwenye gari. Hardy anainama ili Laurel amwekee mgongoni, farasi anasogea hatua chache mbele, na piano inamlalia Hardy chini. Halafu wanaanza kupanda. Kila wakifika mahali, mtu anatokea. Yaya na kigari cha mtoto anataka kushuka. Wanajipanga kumpisha, wanaachilia kidogo tu, na sanduku linashuka lote hadi barabarani. Wanaanza tena. Askari anaita kutoka chini. Hardy akishuka kumsikiliza, sanduku linamfuata na kumpita juu. Wanaanza tena. Profesa mwenye kofia ndefu na herufi nyingi nyuma ya jina lake anataka wampishe, tena anataka sasa hivi. Laurel anaipiga kofia yake, inabingirika hadi chini na lori linaipitia. Wakifika kileleni hatimaye, wanabonyeza kengele ya mlango, na sanduku linaanza safari tena, Hardy akiwa ameling'ang'ania, anaburutwa ngazi zote.

Mara ya mwisho wanafikisha. Wamekwisha kabisa. Na ni nani anapita? Yule yule mtu wa posta. Anawaambia hawakuhitaji ngazi, kuna barabara inazunguka, wangekuja na gari hadi mlangoni.

Sasa hapa ndipo utajua hawa watu walikuwa na akili ya aina gani. Mtu mwingine angeandika wakasirike, wamkimbize mtu wa posta. Wao wanatazamana, wanakubali kwamba hilo ni wazo zuri, halafu wanabeba piano, wanaishusha ngazi zote, wanaipakia kwa gari, na wanaileta kwa barabara.

Nilisimamisha video hapo nikacheka hadi nikakohoa. Na bado kuna nyumba yenyewe: kapi na kamba, dirisha la juu, kidimbwi cha maji ambacho Hardy anakitembelea zaidi ya mara moja, msumari kwenye ubao, na mwenye nyumba anayerudi. Mwenye nyumba ni yule profesa. Na anachukia piano kuliko kitu chochote duniani.

Basi, siku tatu baada ya kuangalia, nikakutana na yule mzee wa friji.

Alikuwa amekaa kwenye mkokoteni nje ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi yetu, anakunywa chai kwa kikombe cha plastiki. Mimi nilimtambua kwa kofia. Yeye akanitambua kwa uso, maana nilikuwa nimeweka uso wangu mwishoni mwa klipu nikiwaomba mnifuate.

"Kijana," akasema, "wewe ndiye uko na ile video?"

Nikasema, "Shikamoo mzee," kitu ambacho sisi hapa Nairobi hata hatusemi sana, lakini mdomo ulitafuta heshima popote ulipoweza kuipata.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema, "Ni mtoto wangu alinionyesha. Alikuwa anacheka. Halafu akaona ni mimi."

Akamaliza chai. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, na nikaondoka haraka kama mtu ameachwa na matatu.

Usiku nilifungua simu nikatafuta ile video yenyewe, ile ndefu niliyoikata. Klipu mliyoiona ni sekunde 19. Nilichorekodi ni dakika nne na kitu. Nilikuwa nimesahau iko na nini. Sekunde moja baada ya pale nilipokata, mzee anainua macho, anatazama juu kwa ngazi, anatazama simu yangu. Moja kwa moja. Hasemi neno. Niliikata hapo kwa sababu, nakumbuka vizuri, niliona "haichekeshi".

Halafu anaokota kofia. Anamuuliza yule kijana kama mkono uko sawa. Wanakaza kamba upya, wanabishana nani akae juu na nani chini, wanakubaliana, wanahesabu, wanainua. Kona ile ile. Safari hii inapita. Unasikia mtu akisema "haya, haya, haya" na mwingine akicheka. Walikuwa wanacheka, wasee! Wao wenyewe. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale muda wote, sijashika hata kona moja ya hiyo friji.

Nikarudi kuangalia The Music Box mara ya pili, na safari hii sikuiangalia kama shabiki. Niliiangalia kama mtu anayetafuta alikosea wapi.

Hebu tuhesabu watu wanaopita kwenye zile ngazi. Yaya: sanduku linapobingirika, anasimama na kucheka. Askari: anakuja kupiga watu ambao shida yao ni mzigo. Profesa: anajua vyeo vyake vyote lakini hajui kuzunguka sanduku. Mtu wa posta: anakuja na ushauri mzuri kazi ikiwa imeisha. Ndani ya dakika 29, hakuna hata mmoja anayeshika kona ya lile sanduku na kusema, wacha niwasaidie hadi pale.

Na kamera inafanya nini? Kamera inabaki na wenye mzigo. Wapita njia wanakuja na kuondoka, sisi tunabaki na Laurel na Hardy. Wakirudi chini, tunarudi nao. Tukifika mara ya tatu, tayari tunaijua ile ngazi kama yetu, magoti yetu yanauma. Unacheka, ndiyo, tena sana, lakini unacheka ukiwa chini ya sanduku pamoja nao. Yule anayecheka akiwa amesimama kando, yaani yaya, ndani ya filamu yenyewe anaishia kupigwa teke.

Mimi katika stori yangu ndiye yaya. Kamera yangu ilikuwa mikononi mwa yaya.

Hicho ndicho ninachotaka kusema leo, na nitakisema wazi ili tubishane vizuri: kuanguka si kichekesho. Kuanguka ni nusu tu. Kichekesho ni kuanguka, halafu kuinuka, halafu kurudi kwa ngazi ile ile ukiwa na mpango mpya mbovu kuliko wa kwanza. Ukikata sehemu ya kuinuka, unabaki na mtu ameumia na umati unaopiga kelele. Sisi watengenezaji wa video za siku hizi tumekuwa mafundi wa kukata sehemu ya kuinuka. Tunaita kukata huko "kubana video ikae fupi".

Najua mtaniambia nini. Wa kwanza atasema, buda, hiyo ni 1932, watu walikuwa na muda, sisi tuna sekunde tatu kabla mtu apitishe kidole. Nimesikia. Lakini hebu angalia vile hawa wawili wanavyotumia muda. Hawachelewi kwa sababu hawajui kuharakisha. Wanachelewa kwa sababu kicheko kiko kwenye kusubiri. Piano ikiwa imesimama pale juu, hawajaishika vizuri, unajua kinachokuja. Hata mtoto anajua. Na kwa sababu unajua, unaanza kucheka kabla haijasogea. Sekunde tatu hazina nafasi ya kujua. Sekunde tatu zina nafasi ya kushtuka peke yake, na mshtuko ukiisha unataka mwingine, ndiyo maana hatukumbuki tulichoangalia jana usiku.

Tena hii ilikuwa filamu fupi! Wakati huo filamu za dakika 20 au 30 zilionyeshwa kabla ya picha kubwa, kama kitu cha kuchangamsha watu. Mwaka huo huo wa 1932 tuzo za Oscar ziliweka kwa mara ya kwanza sehemu ya filamu fupi, na The Music Box ndiyo iliyochukua ile ya vichekesho. Mwaka 1997 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Zile ngazi bado ziko Los Angeles, mtaa wa Silver Lake, zimewekwa alama ya kumbukumbu, na watu huenda kuzipanda. Hakuna mtu atasafiri kuja kupanda kona ya orofa ya tatu kwa ploti yetu kwa sababu ya klipu yangu. Na ile klipu ilitazamwa na wengi kuliko wanaojaa uwanja.

Kitu kingine kuhusu muda. Hawa walishawahi kufanya wazo hili kabla. Mwaka 1927, enzi za filamu zisizo na sauti, walitengeneza Hats Off, wakipandisha mashine ya kufua kwenye ngazi hizo hizo. Filamu hiyo ilipotea, hakuna nakala inayojulikana. Miaka mitano baadaye wakarudi kwa ngazi, safari hii wakiwa na sauti. Na sasa fikiria: kwa nini waliacha mashine ya kufua wakachukua piano?

Kwa sababu piano inaongea. Filamu zenye sauti zilikuwa bado mpya. Laurel na Hardy walifanya yao ya kwanza mwaka 1929. Wachekeshaji wengi wa enzi ya kimya walipata shida, kwa sababu waliona sauti maana yake ni maneno, maneno, maneno. Hawa wawili hawakuongea sana. Waliacha vitu viongee. Lile sanduku likigonga ngazi, piano iliyo ndani inatoa mlio wake, kama mtu amefungiwa anayelalamika. Huioni piano kwa muda mrefu, unaisikia tu, na unaihurumia. Wakati mwingine hata kishindo hukioni, unakisikia tu na uso wa Laurel unakueleza mengine.

Mimi kwenye klipu yangu sauti ya kwanza niliyoifuta ilikuwa ile ya rafu za friji. Nikaweka muziki juu. Nikafuta na sauti ya mzee akimuuliza mwenzake kama mkono uko sawa. Ukiwa na mtu ambaye sauti yake umeifuta, ni rahisi sana kumcheka.

Wa pili atasema: lakini wao pia wanaumizana. Laurel anampiga yaya teke, na mwanamke kupigwa teke ati ni mzaha? Sitetei hapo. Hiyo sehemu imezeeka vibaya na sitajifanya sikuona. Nitasema tu kwamba yaya hakubaki kama mzigo wa kuchekwa. Alimrudishia Laurel kipigo, Hardy alipocheka akavunjiwa chupa ya maziwa ya mtoto kichwani, halafu akaenda kuleta askari. Kila mtu katika ile filamu ana mkono wa kujibu. Hata piano inajibu. Mzee wa friji hakuwa na mkono wa kunijibu. Nilikuwa na simu, nilikuwa na watu wengi nyuma yangu, na yeye alikuwa na kamba.

Na kuna tofauti kubwa kuliko zote, ambayo natamani tuongee zaidi: Laurel na Hardy walijicheka wenyewe. Walikuwa waigizaji wakubwa wakati huo, wangeweza kumfanya mtu mwingine mjinga. Wakachagua wajinga wawe wao. Hardy ana tabia moja ambayo ukishaiona huwezi kuacha kuiona: jambo likimharibikia, anageuka anatazama kamera. Anakutazama wewe. Hasemi kitu. Ni kama anakuuliza, "Umeona vile naishi?" Na wewe unajibu moyoni, ndiyo kaka, nimeona. Huo mtazamo ndio unaowafanya watu wampende. Ndio mzani wa filamu nzima.

Mzee wa friji alifanya mtazamo huo huo. Aligeuka, akatazama kamera. Alinipa kitu ambacho Hardy alikijengea jina duniani kote, bure, na mimi nikakikata kwa sababu kiliniangalia mimi.

Sasa kuna wa tatu, huyu ni rafiki yangu wa karibu, tumefanya skiti pamoja tangu sekondari, na tumegombana juu ya hii mambo wiki nzima. Yeye anasema nimekuwa mhubiri. Anasema watu wamechoka, wametoka kazini, wanataka kucheka tu, usiwapatie somo. Na anasema kitu cha ukweli zaidi: ile klipu ndiyo ilituletea wafuasi, na tukianza kutengeneza vitu vya polepole tutarudi kuangaliwa na mama zetu peke yao.

Bro, nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu kwa simu tunakatana maneno. The Music Box haina somo hata moja. Hakuna mahali wanasimama na kutuambia tuwaheshimu wabebaji. Kwenye mwisho profesa anashika shoka anapasua piano, piano inaanza kupiga wimbo wa taifa la Marekani, na wote watatu wanasimama wima na kupiga saluti, shoka likiwa limetulia, halafu wimbo ukiisha anaendelea kupasua. Huo si mhadhara. Huo ni wazimu mtupu. Halafu mke anarudi, profesa anajua piano ilikuwa zawadi yake, anaomba msamaha, anashika kalamu kutia sahihi risiti, na kalamu inammwagia wino usoni. Walitaka ucheke tu, kama unavyotaka wewe. Tofauti ni kwamba walifanya kazi ya kukuchekesha wao wenyewe, kwa migongo yao. Sisi tulimwachia mzee afanye hiyo kazi, tukachukua malipo.

Na kuhusu wewe na mimi kugombana. Hardy kila dakika anamlaumu Laurel. Anamsukuma, anamwamrisha, anamuonyesha vile mambo hufanywa na yeye ndiye anaharibu. Lakini angalia: mara zote ambazo sanduku limeshuka, hakuna hata mmoja anayesema mimi nimeacha. Wanashuka pamoja, wanashika pande zao, wanapanda. Nje ya filamu ilikuwa hivyo pia. Hardy alipokufa mwaka 1957, Laurel aliishi miaka mingine saba na kitu, na hakukubali kuigiza tena bila yeye. Sisemi tufikie huko. Nasema tu njoo tushike pande zetu.

Mmeniuliza kama klipu nimeitoa. Nimeitoa kwangu. Lakini iko kwa simu za watu nisiowajua, imewekwa muziki mwingine, maneno mengine, lugha zingine. Siwezi kuishusha tena kama Laurel na Hardy walivyoshusha piano, nianze upya kwa barabara ya kuzunguka. Barabara ilikuwepo na nimeambiwa baadaye.

Jumamosi nilirudi pale kwenye duka la vifaa. Nilitaka kumwomba msamaha vizuri, na nilikuwa nimepanga maneno. Nikamkuta anafunga simiti kwa mkokoteni. Nilipoanza kuongea akaniambia, "Kijana, shika hapo nyuma kwanza, kuna mlima mbele." Nikashika. Mlima ulikuwa mbaya kuliko unavyoonekana ukiwa kwa matatu. Katikati nikateleza, nikapiga goti, mkokoteni ukarudi nyuma hatua moja, na yeye akacheka. Akacheka sana, bana. Nikacheka pia, goti likiwa linatoka damu.

Tulipofika juu nikamuuliza kama siku moja naweza kumwonyesha filamu ya watu wawili na piano. Akauliza ni ya muda gani. Nikamwambia dakika 29. Akasema hizo ziko, aje na mtoto wake.

Kwa hivyo hiyo ndiyo kazi yangu ya wiki hii. Nyinyi, ikiwa uko na video kama yangu kwa simu, ile ndefu kabla ya kukata, hebu irudie leo. Angalia kile kilichokuja baada ya kicheko.